Kuona Bila Kupita Kando: Namna ya Kutafuta na Kusoma Picha Njema Mtandaoni

Somo kwa waseminari, wanajumuiya na waamini wote



Mwinjili Luka anatusimulia habari za mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi katika njia ya kushukia Yeriko (Lk 10:25-37). Watu watatu walipita pale. Tumezoea kusema kwamba wawili walikuwa na moyo mgumu na mmoja alikuwa mwema. Lakini tuangalie neno moja ambalo Mwinjili analitumia kwa wote watatu: kuona. Kuhani alimwona. Mlawi alimwona. Msamaria naye alimwona. Macho yao yalipokea taswira ileile ya mtu aliyelala njiani nusu mfu. Tofauti yao ilianza baada ya kuona.

Kijana wa leo mwenye simu mkononi anaweza kuona majeruhi, wakimbizi, maharusi na marehemu kabla hajamaliza chai ya asubuhi. Kidole kinateleza, picha inapita, nyingine inakuja. Hivyo tunajizoeza kupita kando bila hata kuinuka kitini. Kwa mtu anayejiandaa kuwa mchungaji wa watu, hilo si jambo dogo. Jicho lililozoea kupita juu ya picha litapita vivyo hivyo juu ya mgonjwa wa kitandani na juu ya mama anayesubiri mlangoni pa ofisi ya parokia.

Intaneti hiyohiyo, hata hivyo, ina picha nyingi zilizopigwa kwa uvumilivu na akili, zinazomfundisha mtu kuona upya. Katika somo hili tutajifunza picha hizo ni za aina gani, zinapatikana wapi, zinasomwaje, na zinatudai nini sisi wa Bahi tunaposhika kamera zetu wenyewe.

1. Picha za uhalisia na picha za sanaa

Picha za uhalisia ni zile ambazo mpiga picha anatoa ushahidi juu ya jambo lililokuwapo: vita, mavuno, mgomo, maisha ya familia moja. Anaruhusiwa kuchagua wapi pa kusimama na saa ya kupiga, lakini haruhusiwi kutunga tukio. Picha za sanaa ni zile ambazo mpiga picha anatumia mwanga, watu na vitu kusema wazo lake. Huyu anaweza kupanga, kuvalisha, hata kusogeza vitu. Aina zote mbili zinaweza kusema ukweli, lakini kila moja kwa njia yake, na msomaji anapaswa kujua anatazama ipi.

Mfano mzuri tunao nchini mwetu. Mwaka 2013 zilisambaa sana mtandaoni picha za ndege waliokauka kama mawe katika Ziwa Natron, mkoani Arusha. Wengi duniani waliambiana kwamba ndege anayegusa maji yale hugeuka jiwe papo hapo. Mpiga picha, Nick Brandt, hakusema hivyo. Alieleza kwamba aliwakuta ndege wamekwisha kufa ufukweni, wamegandwa na magadi, naye akawaweka juu ya matawi na majini kana kwamba wako hai. Ilikuwa kazi ya sanaa juu ya kifo na uzuri. Watazamaji ndio walioifanya habari. Ukweli wa Natron ni wa namna nyingine kabisa: ziwa hilo ndilo mazalia makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo. Mahali palipotangazwa kuwa pa kifo ndipo wanapozaliwa.

Kosa la watazamaji wale halikuwa kuipenda picha. Waliipenda bila kusoma maelezo yaliyoandamana nayo.

2. Mahali pa kuzitafuta

Msomaji asidhani kwamba ni lazima asafiri hadi Ulaya ili kuona picha za zamani za nchi yake. Hifadhi nyingi zimefunguliwa mtandaoni, na kuzitazama hakuna ada. Hizi ni baadhi:

Mkusanyo wa Humphrey Winterton. Uko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Una picha zaidi ya 7,000, nyingi za Afrika Mashariki, za kati ya miaka ya 1860 na 1960.

International Mission Photography Archive. Iko katika maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California. Imekusanya picha za wamisionari, Wakatoliki na Waprotestanti, zikiwamo za Maryknoll na za misioni za Kijerumani zilizofanya kazi Tanganyika. Kwa mwanafunzi wa historia ya Kanisa hii ni hazina.

Hifadhi ya picha ya chama cha ukoloni cha Ujerumani. Iko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt na ina makumi ya maelfu ya picha.

Wikimedia Commons. Desemba 2008 Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani ilianza kuweka humo picha zake, zaidi ya 80,000. Zimo za Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam enzi za Wajerumani na kuuza postikadi.

Mkusanyo wa Mohamed Amin. Unapatikana katika Google Arts & Culture. Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapo mwaka 1963 akaanzisha Camerapix. Filamu aliyopiga Korem, Ethiopia, Oktoba 1984 iliamsha dunia nzima kuisaidia nchi ile iliyokuwa katika njaa.

History in Progress Uganda. Kazi hii ilianza mwaka 2011. Inakusanya picha za albamu za familia na za studio za Uganda na kuziweka hadharani, ili watu wenyewe wasaidie kueleza waliomo ni nani.

Namna ya kutafuta. Ukiandika "Bahi" peke yake huenda usipate kitu. Kumbuka kwamba waliopanga picha hizi waliandika majina kwa masikio ya kigeni na kwa mipaka ya wakati wao. Jaribu "Ugogo", "Wagogo", "Dodoma", "Kilimatinde", "Mpwapwa" na pia "Mpapua". Kwa hifadhi za Kijerumani andika "Deutsch-Ostafrika" na, kwa habari za reli ya kati, "Mittellandbahn". Reli ile ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, kwa hiyo ni katikati ya miaka hiyo ilipopita nchi ya Bahi. Anayetafuta kwa miaka hukaribia zaidi kuliko anayetafuta kwa jina la kijiji. Ili bando lisiishe, tazama kwanza picha zikiwa ndogo, kisha fungua kwa ukubwa ile moja tu unayotaka kukaa nayo. Soma pia masharti ya matumizi: picha nyingi unaweza kuzitumia katika somo au jarida, mradi utaje mpiga picha na hifadhi.

3. Jina lililokosekana

Ukizunguka katika hifadhi za kikoloni utaona jambo linalochoma. Ofisa wa kizungu aliyesimama katikati mara nyingi anatajwa jina na cheo. Waliomzunguka wanaitwa "askari", "wapagazi", "mwanamke wa Kigogo". Sura zao zimehifadhiwa vizuri kwa zaidi ya miaka mia, kila mkunjo na kila shanga, lakini majina yao hayapo. Mpiga picha hakuuliza, au aliuliza na aliyeandika hakuona umuhimu.

Sisi tunaoamini kwamba Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa majina (Yn 10:3) hatuwezi kuliona hilo kama upungufu wa kitaaluma tu. Mtu asiye na jina katika picha amegeuzwa kuwa mfano wa kabila, wa umaskini, au wa kazi. Amepigwa picha, lakini bado hajaonwa.

Kuna picha za namna nyingine za kulinganisha nazo. Huko Zanzibar, mwaka 1930, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo baadaye iliendelezwa na mwanawe Rohit. Alipiga picha za ikulu ya Sultani, na pia za watu wa mjini walioingia studio kwa hiari yao wamevaa vizuri, wakachagua wenyewe namna ya kusimama. Ukizitazama unaona watu wanaojua kwamba wanatazamwa na wanaokubali. Karibu zaidi na siku zetu kuna Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kenya. Mfululizo wake juu ya maisha ya mwenye ualbino katikati ya mtaa wa Kibera, Nairobi, ulimpatia tuzo huko Arles, Ufaransa, mwaka 2016. Hizo ni picha za sanaa, zimepangwa, na aliyemo ndani yake anatajwa jina: Florence Kisombe. Katika nchi yetu, ambako wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa ajili ya ushirikina, picha inayomweka mtu huyo mbele yetu kwa heshima na kwa jina lake ni mahubiri bila maneno.

Kuna pia kinachokosekana nje ya fremu. Picha zilizozoeleka za Vita ya Kwanza katika nchi yetu ni za askari, mizinga na maofisa. Lakini wazee wa Kigogo walirithishana habari za Mtunya, njaa kuu ya kati ya 1917 na 1920. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosa, na maelfu wakafa. Kumbukumbu ya mambo hayo inaishi midomoni kuliko katika makaratasi ya picha. Kwa hiyo unapotazama picha ya askari wa mwaka 1917 amesimama wima, jiulize pia: chakula chake kilitoka ghala la nani?

4. Hatua tano za kusoma picha

Mmezoea masomo ya kimungu ya Maandiko: kusoma, kutafakari, kusali, kukaa kimya. Picha nayo inaweza kusomwa kwa utaratibu unaofanana na huo. Tuchukue mfano wa picha za Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki Mei 2025, alizopiga mwaka 1994 katika kambi ya Benaco, wilayani Ngara. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule takribani watu 250,000 walivuka kutoka Rwanda kupitia Rusumo kwa muda wa kama siku moja. Ni ardhi yetu ya Tanzania iliyowapokea.

Kwanza, nyamaza na utazame. Jipe dakika tatu bila kusoma maelezo. Anza pembe moja ya picha uende hadi nyingine. Macho hukimbilia umati, lakini wewe tafuta mtu mmoja, kisha mwingine.

Pili, taja unachokiona kabla ya kusema unachokihisi. Sema: moshi, turubai, mama, mtoto mgongoni, sufuria. Anayeruka kwenda kwenye hisia mara nyingi anazungumzia moyo wake mwenyewe, si watu waliomo.

Tatu, uliza maswali ya shahidi. Nani alipiga? Lini? Kwa ajili ya nani? Kilitokea nini kabla na baada? Hapa sasa soma maelezo.

Nne, uliza nani hakutajwa. Mwandishi Susan Sontag wa Marekani alimlaumu Salgado kwa jambo hili hasa: wakimbizi katika picha zake ni wazuri kwa sura na wakubwa kwa mateso, lakini hawatajwi majina, kana kwamba jina ni haki ya watu mashuhuri. Unaweza kumheshimu mpiga picha na bado ukaikubali lawama hiyo. Mimi naziona zote mbili kuwa kweli.

Tano, geuza kuona kuwe sala, na sala iwe tendo. Waombee waliomo, hata bila majina, Mungu anayajua. Kisha uliza: wako wapi walio katika hali hii karibu nami? Salgado mwenyewe aliyoyaona Rwanda na mipakani yalimvunja moyo. Akarudi nyumbani Brazili, na pamoja na mkewe Lélia wakaanza kupanda miti katika shamba la wazazi wake lililokuwa limegeuka jangwa. Mwaka 1998 walianzisha Instituto Terra, na miti iliyopandwa imepita milioni mbili. Sisi tunaoishi nyanda hizi kavu, ambako ziwa la Bahi hujaa na kukauka kadiri mvua inavyotaka, tunaielewa lugha hiyo. Kwa mtu yule, kutazama kulikozama katika mateso kuliishia kwenye jembe na mche.

5. Tahadhari juu ya picha za uongo

Machi 2023 dunia iliona picha ya Papa Fransisko amevaa koti kubwa jeupe la kifahari. Wengi waliicheka, wengine waliikasirikia, na wengi waliiamini. Ilikuwa imetengenezwa na kompyuta kwa akili unde. Katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari ya mwaka 2024 Papa aligusia kwamba hata yeye amewahi kutumiwa katika picha za namna hiyo.

Kabla ya kusambaza picha inayokustua, fanya mambo matatu. Tafuta asili yake kwa Google Lens, uone ilionekana wapi kwanza. Angalia kama ina jina la mpiga picha na tarehe. Na ikiwa inamdhalilisha mtu, acha, hata kama ni ya kweli. Kanuni hii si ngeni kwetu. Tangu hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya vyombo vya mawasiliano ya jamii, Inter Mirifica, ya tarehe 4 Desemba 1963, Kanisa limefundisha kwamba habari iwe ya kweli, na pia namna ya kuitafuta na kuitoa iheshimu haki na utu wa mtu.

6. Sasa kamera iko mikononi mwetu

Yote tuliyosema juu ya wakoloni na wapiga picha mashuhuri yanaturudia. Fikirini jinsi misaada inavyotolewa mwaka wa njaa. Bibi anakabidhiwa debe la mahindi, anaambiwa ageuke atazame kamera, na jioni picha yake iko katika makundi ya WhatsApp ya watu mia tatu. Majina ya wafadhili yameandikwa yote. Bibi ameandikwa "mmoja wa wahitaji". Je, kuna tofauti gani na "mwanamke wa Kigogo" wa mwaka 1910?

Kwa hiyo tuweke utaratibu katika parokia, vigango na jumuiya zetu:

Tuombe ruhusa kabla ya kupiga, si baada ya kusambaza, na tuombe kwa namna ambayo mtu anaweza kukataa na bado akapewa mahindi yake. Kwa watoto, wazazi au walezi waulizwe. Hata sheria inatudai hivyo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa pia picha inayomtambulisha mtu.

Tumwulize mtu jina lake na namna anavyotaka kutambulishwa. Ikiwa jina litamletea aibu au hatari, basi na sura yake isitolewe.

Tupige pia nguvu za watu. Bahi si ukame tu. Kuna mpunga unaopandwa, samaki wanapopatikana, wanawake wapigao muheme, mafundi, kwaya zikijiandaa na Pasaka. Atakayetafuta Bahi mtandaoni miaka hamsini ijayo atakuta kile tulichoweka sisi.

Tuokoe picha za zamani. Katika masanduku ya familia zetu kuna picha za ubatizo, za ndoa, za upadrisho, labda za waliosafiri kumwona Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Tanzania Septemba 1990. Mchwa, joto na vumbi vinazila. Ipige picha hiyo kwa simu karibu na dirisha, mahali penye mwanga lakini jua halipigi moja kwa moja, bila kuwasha flashi. Nyuma ya picha yenyewe andika kwa penseli laini: majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka. Nakala ya simu ipe jina linaloeleweka na uihifadhi mahali pawili. Kazi hii ifanyike wakati wazee wanaoyajua majina bado wapo.

Maswali na zoezi kwa jumuiya

1. Soma tena Lk 10:25-37. Ni picha gani uliyoiona mtandaoni wiki hii na kuipita? Ingekudai nini kama ungebaki nayo?

2. Je, katika parokia yetu tumewahi kusambaza picha iliyomwaibisha mtu? Tufanye nini ili isitokee tena?

3. Zoezi: kila mmoja achague picha moja ya Ugogo au ya Tanganyika katika hifadhi zilizotajwa, aisome kwa hatua tano, na aje kuieleza katika jumuiya kwa dakika tano.

4. Zoezi la pili: kila familia ilete picha moja ya zamani, na wazee wasaidie kuandika majina.

Hitimisho

Natanaeli alipotilia shaka kama kitu chema kinaweza kutoka Nazareti, Filipo hakubishana naye. Alimwalika aje aone mwenyewe (Yn 1:46). Papa Fransisko aliuchukua mwaliko huo uwe kiini cha ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari mwaka 2021, akiwahimiza wanahabari watoke wakakutane na watu mahali walipo na jinsi walivyo. Picha njema inafanya kazi ya Filipo. Inatushika mkono na kutupeleka hadi karibu na mtu, kisha inatuacha hapo. Haiwezi kutusalimia kwa niaba yetu, wala kumfunga mtu majeraha. Hatua iliyobaki ni yetu, na kwa kawaida si ndefu: ni kuzima simu, kutoka nje, na kumwuliza jirani jina lake.